Nyumba Yangu kwa Jina la Ndugu Yangu

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka arobaini na tatu. Sina mume, sina mtoto, na sasa sina hata ndugu wa kumpigia simu siku ya Jumapili. Ninakaa Walikale, katika chumba cha kupanga cha mbao. Upande wa pili wa ukuta kuna jirani mwenye redio. Akikohoa ninasikia. Akicheka ninasikia. Lakini hatujawahi kula pamoja hata mara moja.

Watu wa hapa wananiita Mama Fromaji, kwa sababu ya biashara yangu ya jibini. Wananisalimia vizuri, ninawaitikia vizuri, kila mtu anaendelea na safari yake. Hakuna anayejua kwamba niliwahi kujenga nyumba ya matofali, yenye dirisha linalotazama ziwa! Kwa nini nimewaficha? Kwa sababu nikisema, wataniuliza iko wapi. Nami nitajibu nini?

Leo nimeamua kuwaambia ninyi. Kuna mtu huko aliko anayetaka kufanya kama nilivyofanya mimi, na bado hajachelewa.

Nilizaliwa Nyamitaba, kule Masisi, katika familia ya wakulima. Tulilima maharagwe na mihogo, na Jumapili tulishuka wote kanisani tukiwa na viatu mkononi, tukivivaa mlangoni. Baba alifariki mapema. Mama akafuata, baada ya vita kutuhamisha na kuturudisha mara nyingi mno. Tukabaki wawili tu... mimi na mdogo wangu wa kiume, Innocent.

Huyo Innocent nilimbeba mgongoni wakati wa kukimbia. Nilimwachisha kulia kwa kumpa miwa. Wenzangu walipokuwa wanasoma, mimi nilikuwa ninatafuta ada ya shule yake. Sikuona uchungu. Kwangu alikuwa mtoto wangu wa kwanza.

Niliolewa, ndiyo. Miaka ikapita bila mimba. Familia ya mume wangu ikaanza kunyamaza nikiingia jikoni. Siku moja nilitoka shambani nikakuta mwanamke mwingine amekaa kitandani kwangu, anasuka nywele. Mume wangu hakunifukuza kwa mdomo. Alitoa tu godoro langu nje, akaliegemeza ukutani, taratibu, kana kwamba analianika.

Nililibeba godoro lile nikaondoka. Tangu siku hiyo nilikuwa na hamu moja tu maishani: kuwa na mlango ambao hakuna binadamu anayeweza kunitolea godoro nje!

Basi nikaanza biashara. Kwetu Masisi kuna malisho na ng'ombe, na watu wanatengeneza fromaji nzuri sana, zile za mviringo zenye ganda la manjano. Nilizinunua Nyamitaba, nikazifunga katika katoni, nikazipeleka Walikale kwa moto, yaani pikipiki, na kwa malori. Huko watu wana hamu ya chakula cha milimani. Nilifika hadi vijiji vilivyo karibu na mgodi wa Bisie, ambako wafanyakazi wenye mshahara wa mwezi walinunua bila kubishana sana.

Njia ile ni mbaya jamani! Matope hadi magotini. Vizuizi kila mahali, na kila kizuizi kina mtu anayetaka kitu. Mara nyingine lori lililala katika matope nasi tukalala pamoja nalo. Lakini biashara ilikua. Sikuwa maskini tena.

Nyumba ndiyo iliyonishinda. Nilipanga Sake, nikapanga Kirotshe, nikapanga tena mahali pengine. Mwenye nyumba mmoja, mama wa kanisani kabisa, aliniambia nihame kwa sababu harufu ya fromaji yangu inafukuza wapangaji wake. Nilirudi kutoka safari nikakuta katoni zangu zimewekwa chini ya mvua. Nilizikusanya moja moja, watu wakitazama. Sikulia. Nililia baadaye, nikiwa peke yangu, nikizikausha kwa kitenge changu.

Ndipo nikasikia kwamba mjini kuna koperative inayotoa mkopo wa kujenga. Unachukua, unajenga, unalipa kila mwezi kwa miaka kadhaa. Nikavaa nguo zangu za kanisani nikaenda.

Ajenti wa mikopo alikuwa kijana mpole. Akaniomba hati ya mshahara. Nikamwambia sina mshahara, ninajitegemea. Akaniomba mkataba wa kazi. Nikamwambia sina. Akaweka kalamu chini, akaniuliza:

"Mama, patron yako ni nani?"

"Njo miye," nikajibu, kwamba mwajiri wangu ni mimi mwenyewe.

Waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni walicheka. Hata yeye alitabasamu. Sikuona cha kuchekesha. Kwani uongo? Nani mwingine aliyekuwa ananiamsha alfajiri kwenda kupakia mzigo?

Alinieleza kwa heshima kwamba mtu anayejifanyia kazi ni hatari kwao. Leo barabara iko wazi, kesho imefungwa. Leo ng'ombe wapo, kesho wamechukuliwa. Mwalimu au muuguzi, hata akichelewa kulipwa, ana mahali mshahara wake unapotokea. Mimi wangenidai wapi? Kwenye matope ya Walikale?

Lakini alinionyesha njia. Nifungue akaunti kwa jina langu, niwe ninaweka pesa humo badala ya kuzificha na kuzizungusha katika likelemba, ule upatu wetu, na akina mama wenzangu. Nikifanya hivyo mwaka mzima bila kuruka, wataona kwamba biashara yangu inatembea. Hapo wanaweza kunipa mkopo mdogo, wa nyumba ya mbao ya vyumba viwili. Nikilipa vizuri, nitaongezewa.

Mwaka mzima! Kwa nyumba ya mbao! Nilitoka pale nimevimba kwa hasira. Ningejua... ningebusu mikono ya kijana yule.

Jioni hiyo nilimpitia Innocent. Wakati huo alikuwa amekwisha kuwa muuguzi wa hospitali, upande huo huo wa Kirotshe, na mshahara wake ulipita benki. Alikuwa na mke, Solange, binti wa familia iliyojiona, na watoto. Nilimsimulia yote. Alicheka sana aliposikia lile la patron. Kisha akasema:

"Dada, juu ya nini ujitese? Miye niko na fiche de paie, ile karatasi ya mushahara. Tuchukue kredi kwa jina yangu. Weye utalipa, nyumba itakuwa yako. Ni jina tu!"

Ni jina tu... Wasomaji, maneno hayo matatu yameniharibia maisha.

Je, ningemkatalia? Mtoto niliyemlea kwa mgongo wangu? Nilimkumbatia. Nilimwombea baraka pale pale, mbele ya sahani za ugali.

Siku ya kutia sahihi tulikwenda pamoja. Ajenti mwingine, si yule mpole, alisema anataka kuzungumza na mkopaji peke yake. Nikakaa kwenye benchi nje. Niliwatazama kupitia kioo, mdogo wangu akitia sahihi ukurasa baada ya ukurasa, nami nilijisikia fahari kama mama anayemwona mtoto akipokea diploma. Alipotoka aliniambia kiwanja nacho kitaandikwa kwa jina lake, kwa sababu ndicho dhamana. Koperative haiwezi kushika dhamana ya mtu ambaye si mkopaji.

"Ni formalite tu ya makaratasi, dada. Hapana ogopa."

Kiwanja nilikinunua mimi. Kilikuwa kwenye mteremko juu ya ziwa, mahali penye upepo. Mawe ya msingi niliyachagua mimi. Papa Bauma, fundi, mzee mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka, aligombana nami kwa ajili ya madirisha. Alitaka madogo. Mimi nilitaka moja kubwa la kutazama maji. Nilishinda! Siku ya kuweka mabati nilipika wali na nyama kwa mafundi wote, nikakaa ndani ya chumba kisicho na mlango bado, nikasikiliza mvua ya kwanza ikigonga juu. Sijawahi kusikia muziki kama ule.

Kila mwezi nilimpa Innocent pesa za kulipa. Nikiwa mbali nilimtumia kwa simu. Hakuna mwezi niliokosa. Hata mwezi ule ambao katoni zangu zote zilichukuliwa kizuizini, nilikopa kwa mwenzangu nikalipa.

Lakini mimi ni mtu wa barabara. Wiki nyingi nilikuwa Walikale, na nyumba inayobaki tupu huku kwetu haibaki nzima. Watu wanang'oa hata milango. Innocent akasema yeye na familia yake wahamie pale wailinde. Tena wataacha kulipa pango kwao. Nikaona ni wazo zuri. Chumba cha nyuma kikawa changu, cha kufikia nikirudi. Chumba cha mbele, chenye dirisha kubwa, walichukua wao, kwa sababu wao ni wawili.

Mnaona jinsi mambo yanavyoingia? Taratibu... bila kelele...

Mara ya kwanza nilishtuka nilipokuta mapazia mapya. Si kitu, nikajisemea. Mara nyingine Solange aliniomba niwe ninapiga simu kabla ya kuja, ili nisiwakute na wageni. Nikasema sawa. Kisha siku moja walikuja wajomba zake kutoka mjini. Nilikuwa jikoni ninachambua maharagwe. Nikamsikia Solange akiwaeleza kuhusu mimi, kwa sauti ya upole kabisa:

"Ule ni dada ya bwana yangu. Hana mutoto, hana muntu. Tulimuhurumia, tukamupatia chumba."

Nilidhani masikio yangu yamekosea. Nikainua macho. Innocent alikuwa amesimama pale mlangoni, amesikia kila neno. Hakunitazama. Aliangalia viatu vyake.

Nilimvuta nyuma ya tangi la maji. Nikamuuliza: mke wako hajui? Akaniomba nisipandishe sauti. Akaniambia wakwe zake walikuwa wanamdharau tangu siku ya mahari, wanamwita mtoto wa wakimbizi. Walipoiona nyumba, kwa mara ya kwanza baba mkwe alimshika mkono kama mwanaume. Angewaambiaje sasa kwamba si yake?

"Niache kwanza, dada. Nitawaelezea polepole. Weye si unanijua?"

Macho yake yalikuwa na machozi. Nami nikakubali. Nilifikiri: heshima ya mdogo wangu ni heshima yangu pia. Kuna hasara gani wao wakifikiri hivyo, ikiwa sisi wawili tunajua ukweli?

Sisi wawili... Sikuwaza kwamba siku moja wawili wanaweza kuwa mmoja.

Halafu hali ya usalama ikaharibika. Barabara ikafungwa nikiwa Walikale. Malori yakasimama, fromaji haikupita tena, nikaanza kuuza unga wa muhogo na chumvi ili nipate cha kula na cha kulipia deni. Wiki zikawa miezi. Niliongea na Innocent kwa simu mtandao ulipopatikana. Kila mara nilimuuliza kama amekwisha kumwambia Solange. Kila mara alijibu kwamba bado kidogo. Mara ya mwisho nilimfokea. Nilimwambia amekuwa mwoga. Mtandao ukakatika. Au alikata mwenyewe. Sitajua kamwe.

Muda mfupi baada ya hapo nilipokea simu kutoka kwa jirani wa kule. Innocent alikuwa anarudi kutoka kazini kwa moto, mvua inanyesha, pikipiki ikateleza kwenye mteremko, wakaanguka bondeni. Dereva aliokoka. Mdogo wangu... hapana.

Nilipiga kelele sokoni, katikati ya watu. Mama mmoja ninayemjua kwa sura tu alinishika ili nisianguke. Kisha akarudi kwenye meza yake. Angefanya nini zaidi?

Safari ya kurudi sitaisimulia yote. Sehemu nilipanda moto, sehemu nilitembea kwa miguu na watu nisiowajua, sehemu tulijificha. Nilipofika, walikuwa wamekwisha kumzika. Udongo ulikuwa bado unang'aa kwa unyevu. Nilijitupa juu yake. Nilimwita kwa jina nililokuwa ninamwita alipokuwa mdogo, jina ambalo sasa hakuna mtu mwingine duniani anayelijua.

Kwenye matanga nilikaa na akina mama nje, kwenye mkeka. Watu walikuja kumpa Solange pole ndani ya nyumba. Kwangu walipita. Nani alijua kwamba mimi pia nilikuwa nimefiwa na mtoto?

Siku ya kumaliza matanga familia zilikutana sebuleni. Baba yake Solange, mzee mwenye koti na sauti ya mahubiri, alizungumza juu ya watoto, juu ya shule, kisha juu ya nyumba. Akasema Mungu ni mkubwa: koperative ilikuwa na asiransi, bima ya mikopo. Mkopaji akifa, deni lililobaki linafutwa. Kwa hiyo nyumba sasa ni ya mjane na yatima, haidaiwi chochote.

Watu wakasema amina. Wengine wakapiga makofi madogo.

Nilikuwa ninajiambia nisubiri, nisubiri, nitazungumza na Solange peke yetu. Lakini mdomo ulifunguka wenyewe. Nikasema nyumba hii ni yangu. Nikasema nimeijenga mimi, deni nimelilipa mimi, Innocent aliniazima jina tu.

Hata watoto waliacha kucheza.

Kisha Solange akasimama, kitambaa cheupe kichwani.

"Dada, hata udongo ya kaburi haijakauka, na weye unaanza kunyanganya watoto yake?"

Nilijaribu kueleza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoonekana mwenye tamaa. Kama ni yako, mbona ulikaa chumba cha nyuma? Kama ni yako, mbona jina lako haliko popote? Kama ni yako, mbona ulingoja afe ndipo useme? Maswali yao yalikuwa na maana... hilo ndilo lililoniua. Ningekuwa mimi ndiye ninayesikiliza, hata mimi nisingeniamini!

Shangazi mmoja wa upande wao akasema, bila kunitaja, kwamba kuna wanawake wasiozaa ambao wanakula hata walioshiriki nao tumbo. Mtu mmoja alimnyamazisha. Lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka. Kuanzia hapo akina mama walisogeza mikeka yao mbali kidogo na wangu.

Nilikwenda koperative. Ajenti alifungua dosiye, faili ya mkopo, akaitazama kwa muda mrefu, akaniambia kwa masikitiko, "Mama, humu ndani hauko." Hakunikosea. Alisema kilichoandikwa.

Nilikwenda kwa chifu wa kijiji. Akamwita Papa Bauma, fundi. Mzee alisema kweli yote: ni mimi niliyemlipa, ni mimi niliyegombana naye kwa madirisha. Lakini baba yake Solange akauliza: dada hawezi kumnunulia kaka yake mchanga wa kujengea? Dada hawezi kusimamia mafundi wakati kaka yuko kazini? Papa Bauma akavua kofia yake, akaikunja mikononi. Chifu akaamua kwamba nyumba ibaki kwa mjane, nami niachiwe kile chumba cha nyuma maisha yangu yote. Watu walisema ameamua kwa hekima.

Nikakaa basi katika chumba cha nyuma cha nyumba yangu. Mnaweza kufikiri upweke ni kukaa porini bila mtu? Upweke ni kusikia vicheko vya watoto wa ndugu yako ukutani, na ukitoka, wote wananyamaza. Walikuwa wananiita shangazi mkubwa. Sasa hawakuniita chochote. Nilipika sufuria yangu ndogo, nikala nimesimama, nikaosha sahani moja.

Avoka mmoja, wakili wa mjini, aliniambia kesi inawezekana. Kuna mashahidi, kuna pesa nilizotuma kwa simu. Lakini alinionya pia: ningelazimika kusimama mahakamani na kuonyesha kwamba marehemu aliwadanganya mke wake, wakwe zake, na koperative. Je, niko tayari? Nilimwambia nitafikiri.

Asubuhi moja, nikiwa bado ninafikiri, Solange alibisha mlango wangu. Alikuwa peke yake. Aliketi kwenye kitanda changu, kwa sababu sikuwa na kiti. Alikuwa amekonda sana. Kwa muda mrefu alikuwa anakunjakunja ncha ya kitenge chake. Kisha akaniambia kwamba aliwahi kumuuliza Innocent, kwa sababu kuna mambo yalimtia mashaka. Na Innocent alishika Biblia akaapa kwamba nyumba ile ni jasho lake.

Aliapa?

"Dada," akasema, na sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo, "kama yenye unasema iko kweli, basi bwana yangu alinidanganya miaka yote, na akadanganya Mungu. Siwezi kulala na kuamka na ile. Niko na watoto ya kulea kwa jina yake. Kwa hiyo ni weye njo muongo. Unisamehe. Inapaswa ikuwe weye."

Akainuka, akaufunga mlango polepole nyuma yake.

Nilikaa pale hadi jua likapanda. Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Alikuwa anajua! Ndani ya moyo wake alikuwa anajua. Lakini alikuwa amechagua kumpoteza yule ambaye angeweza kuvumilia kumkosa, na huyo ni mimi.

Nami nilipaswa kuchagua. Ningeweza kushinda kesi. Ningeweza kutoa godoro la mjane na watoto nje. Kisha ningekaa kwenye dirisha langu, nitazame ziwa... na mdogo wangu angekuwa mwizi midomoni mwa watu wote, hadi kwa watoto wake mwenyewe. Ningekuwa na nyumba, nisingekuwa na ndugu hata kaburini.

Sijui kama nilifanya vizuri. Kuna siku ninasema nilikuwa mjinga. Wiki ile ile nilifunga vitu vyangu, nikamwachia Solange ufunguo juu ya meza ya jikoni, nikapanda kuelekea Walikale. Alikuwa anafua nguo uani. Aliniona. Akaendelea kusugua.

Tangu hapo ninaishi hivi. Ninafanya kazi, ninakwenda kanisani, ninarudi. Mara nyingine ninazungumza na Innocent kwa sauti, huku ninapika. Namuuliza: ulikuwa unapanga kunirudishia, au ulikwisha kuamua kuninyima? Uliapa kwa hofu, au uliapa kwa moyo? Ulipokata simu ile, ulikuwa umekasirika, au ulikuwa unalia? Ninangoja kidogo, kisha ninaendelea kukoroga.

Dada zangu, kaka zangu mnaojitegemea! Ninyi mnaouza fromaji, muhogo, vitenge, ninyi washonaji, ninyi madereva wa moto... Najua wanavyotucheka tukisema hatuna patron. Najua mlango wa koperative unavyokuwa mzito. Lakini nawasihi, msiingie kwa jina la mtu mwingine. Fungueni akaunti kwa jina lenu. Wekeni kidogo kidogo waone biashara inatembea. Chukueni mkopo mdogo, jengeni chumba kimoja cha mbao, kama ndicho kinachowezekana. Na kama ni lazima ndugu akusaidie, basi mwite mke wake, waite mashahidi, mkaandikishane mbele ya chifu, kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Usione haya. Haya ambayo ningeiona siku ile ingekuwa ya dakika chache tu. Hii niliyo nayo haiishi.

Nawe kaka mwenye mshahara, uliyemwazima dada yako jina... mke wako anajua? Watoto wako wanajua? Usiniambie utawaelezea polepole. Inuka sasa, kabla hujamaliza kusoma, ukawaambie. Utafedheheka kidogo, ndiyo. Lakini utakuwa hai, na yule dada ataweza kukuuliza swali lake ukamjibu.

Mimi wa kwangu hajibu.